Profesa Alihesabu Vichwa

Mujukuu wangu alikuwa anasoma mambo ya biashara hapa Kolwezi. Mwaka wa mwisho walitakiwa kwenda Zambia kutazama viwanda vinavyofanya kazi. Asiyeenda hapati diploma. Naye alikuwa na mutoto wa miezi mitano, bado ananyonya. Nikamwambia, tutaenda bote, mi nitashika mutoto.

Profesa alinitazama kwenye mulango wa bisi.

"Mama, hii ni safari ya masomo."

"Tata, mi sitasoma kitu. Nitabeba mutoto tu."

"Akilia wakati wa kazi, munarudi ninyi bote batatu."

Nikapanda, nikakaa mbele karibu na dereva. Mi nilisoma miaka miwili tu, lakini jina la mutu likiingia kwangu halitoki. Kabla ya kufika Fungurume nilikuwa nimekwisha kuuliza banafunzi bote makumi tatu: unaitwa nani, mama yako anauza nini? Majina hayo ningali nayo. Sitayaandika hapa, maana bengine sasa ni bakubwa mu maofisi. Kijana mumoja munene, mama yake anauza makala ya kupikia kule Mutshatsha, alinigawia mayai yake ya kuchemsha. Huyo nilimupenda mara moja.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa kinageuza shaba kuwa nyaya, nyembamba kama uzi wa kushonea. Nilitazama nikasema, kumbe shaba yetu inakuja kuwa hivi. Mukubwa wa kiwanda akaeleza bei. Mujukuu wangu akasimama kuuliza swali. Mutoto akasikia sauti ya mama yake, akataka ziwa, akalia mpaka mashine zikanyamaza masikioni. Nilitoka naye mbio, lakini ilikuwa bure.

"Kesho asubuhi munarudi Kolwezi," profesa alisema pale nje.

Mujukuu wangu alipanda bisi, akaweka mutoto juu ya magoti, amemuvalisha kofia ya sufu. Profesa akapita katikati, kidole juu ya kila kichwa.

"Makumi tatu. Dereva, twende."

"Ngoja, tata," nikasema. "Mutoto wa mama wa makala hayuko."

"Mama, nimehesabu."

"Mi sihesabu. Mi naita."

Nikaanza kuita, kutoka viti vya mbele. Kila mumoja akaitika. Nilipofika kwa yule wa Mutshatsha, kimya. Profesa akarudi na kidole chake, kichwa kwa kichwa, mpaka kikasimama juu ya kofia ya sufu. Mutoto akakishika kidole, akakitia mu kinywa. Bisi nzima ikacheka.

Yule kijana tulimukuta kwenye chumba cha chakula cha bafanyakazi, sahani ya pili ya bukari, ule ugali wetu, mbele yake, bamama bapishi bakimwambia aoe kulekule.

"Profesa, balinipatia samaki. Ningekataa namna gani?"

Tulipofika hoteli profesa akanigeukia.

"Mama, kesho tunatoka saa moja. Musichelewe."

"Si ulisema tunarudi?" mujukuu wangu akauliza.

"Mukirudi, nani ataniitia majina?"

Basi kila asubuhi niliita, makumi tatu bote. Wa mwisho nilimuita mutoto, na bisi nzima ikamuitikia: "Yuko." Profesa pia.