Duara Lililokosa Ukubwa

Ofisini walimwita Bi Mduara, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchora miduara. Alichukua takwimu za zahanati zote za wilaya akazitandaza juu ya ramani kwenye kompyuta, kila zahanati na duara lake: wakijifungua wanawake wengi, duara kubwa; wachache, duara dogo. Ukiligusa linafunguka na kukwambia idadi. Ni kazi nzuri, nayo ina hatari yake: watu huamini upesi kitu kinachong'aa.

Siku hiyo mchoro ulikuwa ukingojewa na wakubwa. Mchana wangekaa kikao waamue zahanati ipi ifungwe chumba cha uzazi, wakunga wake wapelekwe kwingine. Na asubuhi nzima Bi Mduara alikuwa akigombana na Mnoko.

Mnoko hakuwa mtu. Ndivyo walivyoiita programu iliyokagua maagizo waliyoiandikia kompyuta kabla mchoro haujaanza kufanya kazi. Ilitaka kila kitu kijulikane aina yake: hii ni namba, haya ni maneno, hii ni tarehe. Ukichanganya, inapiga mstari mwekundu. Sasa ilikuwa imepiga mistari kioo kizima cha kompyuta, na lalamiko lilikuwa lile lile: umeniahidi namba, lakini hapa huenda kuna namba, huenda hamna kitu.

"Hamna kitu vipi?" Bi Mduara alikiuliza kioo. "Namba si hizi hapa naziona?"

Akapandisha safu za data, akashusha. Namba zilikuwepo tele. Akarekebisha mstari mmoja, wekundu ukahamia mstari wa jirani, kama paa linalovuja: unaziba hapa, maji yanadondoka pale. Alianza kujishuku kama kweli aliwahi kusomea kazi hii.

Mwenzake wa meza ya pili, aliyeitwa Fasta, akazungusha kiti. "Bado unabishana naye? Mzibe mdomo, dada yangu! Mwandikie 'chochote'."

Ulikuwa mtindo wa ofisi nzima. Lilikuwepo neno la kumwambia Mnoko kwamba kitu hiki ni cha aina yoyote ile, asiulize zaidi. Ukishaliandika ananyamaza. Walilitumia kama pazia: halisafishi chumba, ila mgeni haoni taka.

Akaliandika. Wekundu ukafutika, ramani ikajaa miduara.

"Umeona?" Fasta akapiga makofi. "Mnoko ni kelele tu."

Lakini kona moja ya ramani ilibaki tupu. Bi Mduara akapangusa kioo kwa kitambaa. Akafungua ramani upya. Tupu. Alipopeleka kishale pale, kikatokea kisanduku kidogo: waliojifungua, sifuri. Duara lilikuwepo, ila halikuwa na ukubwa wowote. Na zahanati yenyewe aliijua vizuri; ndiko alikokuwa mkunga dada yake mkubwa.

Akampigia simu.

"Dada, eti huko hamzalishi siku hizi?"

"Unauliza au unanitukana? Ndiyo kwanza nanawa mikono, kuna mtu kajifungua mapacha."

"Mbona kwangu mna sifuri?"

"Kile kifaa cha kutuma taarifa kimekufa tangu mwezi juzi. Tumelalamika mpaka midomo imekauka. Hatujatuma kitu." Sauti ikashuka. "Kwani kuna nini? Sema, mdogo wangu. Mficha uchi hazai."

Akamweleza habari za kikao. Dada akasema upesi, "Basi weka namba ya maana. Weka arobaini. Si wewe ndiye mwenye ramani?"

"Arobaini ni kweli?"

"Haiwi mbali na hapo. Nani ana nafasi ya kuhesabu na mtoto anatoka? Nimekubeba mgongoni, leo unanidai ushahidi?"

Bi Mduara alikata simu. Sifuri ilikuwa uongo. Arobaini nayo ilikuwa kubahatisha kulikovikwa nguo za namba. Uongo ni uongo, uwe unamwangamiza ndugu au unamwokoa. Lakini hilo ni jepesi kulisema kwa asiye na dada.

Akafuta 'chochote' kila mahali. Wekundu ukarudi, mwingi kuliko mwanzo. Safari hii akausoma polepole. Mnoko hakuwa akikana kwamba namba zipo. Alikuwa akiuliza: na pale zisipokuwepo, utafanyaje? Kwa kuandika 'chochote' Bi Mduara hakujibu, na mchoro ukajijibia wenyewe kwa sifuri.

Akaandika jibu. Ikija namba, chora duara lililojaa. Isipokuja, chora pete ya kijivu, na anayeigusa asome: hatujapata taarifa. Mstari baada ya mstari, wekundu ukapungua mpaka ukaisha.

Mkuu wa kitengo akaja kutazama. "Pete hii ya nini? Wakubwa hawaji kikaoni kuambiwa hatujui. Weka sifuri."

"Si sifuri, mkuu."

"Ni ngapi basi?"

"Sijui."

"Mtu wa takwimu, hujui!"

"Sijui, mkuu. Na ramani haiwezi kujua nisichokijua mimi."

Mkuu alifyonya, lakini wakubwa walikuwa wameshaanza kuingia.

Kikaoni mmoja wao aliigusa pete, akasoma, akaguna. Wakavutana. Mwishowe wakakubaliana kwamba mtu atumwe akahesabu kwanza. Kisha kidole kikahamia kwenye duara jingine, dogo lakini limejaa, la zahanati iliyotuma taarifa zake kila mwezi bila kukosa. Hiyo ndiyo ikaamuliwa ifungwe chumba cha uzazi. Bi Mduara alikaa na kalamu mkononi, asijue kama ametenda haki au amesaidia dhuluma ibadili anwani.

Jioni akampigia dada yake. "Hesabuni, dada. Wote waliozaliwa tangu mwezi juzi, kabla mtu wa wakubwa hajafika."

"Na wakitoka wachache?"



"Basi watakuwa wachache, dada."

Simu ikakatwa. Bi Mduara alibaki ameishika, hajui aliyeikata ni dada au ni mtandao.