Programu ya Emérita Yaanza Kazi na Kasoro Moja

Saa mbili asubuhi, mjini Walikale, Emérita ameketi mlangoni pa chumba chake cha kazi, simu mbili mapajani. Anabonyeza ya kushoto. Ya kulia inalia mara moja, kisha mara ya pili.

"Bado," anasema akicheka. "Lakini hii haiue muntu."

Mwanamke huyu ndiye aliyeunda programu ya simu inayomwezesha muuguzi wa kijijini kuita pikipiki mjamzito anaposhikwa na uchungu. Alisomea uundaji wa programu Bukavu, akarudi kwao huku wenzake waliobaki mjini wakimcheka.

Mwezi uliopita programu ilikuwa karibu tayari, ila ilikuwa na kasoro mbili. Wito mmoja ulifika mara mbili. Tena mtandao ukikatika, simu iliandika "Imetumwa", kumbe haikutuma kitu.

Papa Sylvain, muuguzi wa Kibua, hakutaka kungoja.

"Dada, utupatie tu hivyo," alimsihi. "Bamama iko wanateseka huku!"

"Papa, leo ukikosa pikipiki unatafuta watu wa kubeba mugonjwa," Emérita alimjibu. "Simu ikikudanganya, utaikala unangoja. Kungoja njo kutaua."

Sylvain akakata simu kwa hasira. Siku hizo, anasema Emérita, mama yeyote ambaye angefia njiani, damu yake angeihesabu kuwa juu yake mwenyewe.

Hata hivyo hakulegea. Aliondoa kwanza ule uongo. Wito wa mara mbili aliuacha kwa makusudi, akawapigia waendesha pikipiki kuwaonya kwamba wito wa pili si mgonjwa mwingine, kisha akaiachia programu.

Haukupita muda, Godelieve, mkulima wa Kibua, akashikwa na uchungu. Mtandao ukakatika. Safari hii simu ikasema kweli: "Haijatumwa." Sylvain akapanda mlima mbio, simu mkononi, hadi wito ukaondoka.

Zikaja pikipiki mbili. Dereva mmoja alikuwa amesahau lile onyo.

"Nilicheka na uchungu wangu," anasimulia Godelieve akimnyonyesha bintiye. "Moja ilinibeba miye, ingine ikabeba mama yangu."

Sasa Emérita anajiandaa kuipeleka programu Masisi, kwenye vilima vya Rubaya. Kasoro iliyobaki anaamini ataimaliza wauguzi wa huko wakiwa tayari wanaitumia programu hiyo.

Na nani atawafundisha?

"Papa Sylvain," anajibu bila kusita. "Yeye njo alinikasirikia sana. Atawaeleza vizuri kuliko miye."