Bao Chini ya Dungu, Sataranji Darasani

Sisi tuliokulia Mbwera, kwenye visiwa vya mpunga na vijito vya maji ya chumvi, hatukufundishwa mchezo na mtu. Nani angekufundisha? Mkubwa alikuwa na jembe lake. Mchezo uliuokota kama ulivyookota lugha: unakaa karibu na wanaojua, unanyamaza, siku moja unajikuta na wewe unasema. Wa rika langu mtanielewa. Vijana watauliza tulipakua wapi.

Naanza na dungu, maana asiyelijua dungu haijui Rufiji. Mpunga ukianza kutoa masuke, kijiji chote kilihamia shambani kuamia ndege, kuwafukuza kwelea wasiumalize mpunga. Kila nyumba ilisimamisha kibanda chake juu ya miguu ya mikoko, kirefu kuliko mtu, sakafu ya fito, paa la makuti, na humo tuliishi mpaka mavuno. Shule ilibaki na mwalimu na mbuzi. Mwalimu aliita majina asubuhi na kuta ndizo zilizomwitikia. Akakasirika, akaja na mtumbwi mpaka shambani kwetu, na baba yangu akamjibu akiwa juu huko huko, "Mwalimu, kwelea hasomi kalenda yako." Ndiyo maana elimu yangu iliishia darasa la tatu, wala sioni haya kulisema. Mashine ya kukoboa mpunga pale Nyamwage ni yangu, niliipata kwa jasho langu, na waliofika chuo kikuu hupanga foleni mlangoni kwangu na magunia yao kama watu wengine.

Asubuhi za dungu, mwanakwetu! Ukungu ulilala juu ya mpunga mpaka madungu ya jirani yakaonekana yanaelea, hayana miguu. Sauti zilifika kabla ya watu. Mtu anakohoa huko, unajua bibi fulani kaamka; sufuria inagongwa, unajua kwa fulani leo kuna uji. Ukivuta pumzi unapata moshi wa kuni mbichi, tope la mtoni, na ule utamu wa suke changa ambalo ukilitafuna linatoa maziwa. Halafu jua linapanda, na kwelea wanakuja kama kitambaa kimoja kinachokung'utwa hewani, kinageuka huku, kinageuka kule. Hapo debe linagongwa, makombeo yanavuma, na mtu anapiga ukelele, "Haooo!", unapokewa na dungu hili na lile, mpaka unakwenda kupotelea upande wa baharini, usijue tena ni watu au ni maji.

Mchana tulikula samaki, pelege wa kuchoma, na ugali wa muhogo. Mpunga ukikaribia kukomaa, mama alituandalia pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa ukatwangwa mpaka ukalala bapa, tukautafuna na nazi. Wajukuu wangu siku hizi wanakula vitu vya kwenye pakiti, vinalia kra-kra mdomoni kama mtu anakanyaga majani makavu, na wakimaliza wanauliza chakula kiko wapi.

Chini ya dungu kulikuwa na kivuli na udongo wa mfinyanzi uliokubali kuchimbika. Hapo ndipo palipokuwa na bao letu la watoto, safu mbili za mashimo, na kete zetu zilikuwa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu tulizookota ufukweni. Ila palikuwa na taabu moja: bao liko chini, ndege wako juu. Aliyechuchumaa kule chini haoni kitu ila mabua. Wenzetu wa madungu mengine walicheza wakasahau dunia, kwelea wakashuka kimya wakala pembe nzima ya shamba. Jioni tulisikia vilio kutoka mbali, tukajua nani leo kacheza.

Dada yangu Mwanahawa, aliyenitangulia kuzaliwa, aliipatia dawa taabu hiyo. Yeye alibaki juu na kombeo lake, mgongo kwetu, macho kwenye mpunga, akacheza kutoka huko huko. Mimi nilikuwa chini, ndimi mkono wake.

"Athumani, nyanyua lile la tatu. Nenda kulia."

Nilinyanyua, nikazipanda kete shimo kwa shimo, na yeye akasikiliza. Komwe ikiangukia wenzake hulia kwa ukali, ta. Ikiangukia shimo tupu hutoa sauti nzito, kama tone la mvua kwenye majivu. Kwa sauti hizo alilibeba bao zima kichwani, lake na la mwenzake, huku mkono unazungusha kombeo. Siku moja alikuja kucheza naye binamu yetu Saidi kutoka dungu la pili. Alipoona hakuna anayemtazama, kete moja akaibana kidoleni.

"Saidi," sauti ikatoka juu, mgongo haukugeuka, "irudishe ilikotoka."

"Ipi?"

"Uliyoibana. Na ukanawe kwanza, mikono yako ina nazi, kete zinachelewa kuanguka."

Saidi aliondoka mbio, akaeneza kwenye madungu yote kwamba mtoto wa Mzee Mbonde ana jini. Mwanahawa alicheka mpaka fito zikatikisika. Ikawa hata watu wazima wakipita chini yetu na majembe yao hukanyaga polepole, utadhani wanapita mbele ya mtu anayesali.

Kuna nyakati za adhuhuri nilipanda kupumzika, nikalala kifudifudi kwenye zile fito, uso kwenye upenyo, nikaliona bao kule chini limejaa madoa ya jua. Upepo ukipita makutini madoa yale yalihama shimo hadi shimo, kama kuna watu wanacheza nisiowaona. Nikalala. Nikiamka sijui nimelala kiasi gani, Mwanahawa bado yupo pale pale, kombeo mkononi, midomo inacheza taratibu, anajihesabia mchezo wa peke yake.

Haya yote yalinirudia juzi kwenye mkutano wa wazazi, katika shule anayosoma mjukuu wangu Rukia, darasa la tano. Wameletewa mwalimu kijana kutoka Dar, suruali imembana, lakini adabu anayo. Amekuja na mabao ya sataranji, ule mchezo wa mfalme, farasi na askari, na watoto wameupenda. Hucheza kwenye kibaraza cha shule baada ya masomo. Sasa akasimama akaomba, kwa idhini ya mwalimu mkuu, sataranji iwe somo, iingie kwenye ratiba, kipindi kimoja kila wiki, saa za asubuhi. Mzee mmoja akauliza kama hiyo si kamari. Mwalimu akasema hapana, baba, hakuna kinachowekwa pale isipokuwa akili. Mama mmoja akauliza kama itatoka kwenye mtihani.

Nikasimama. Mimi nikisimama watu hunyamaza.

"Mwalimu," nikasema, "mchezo ukiutia kwenye ratiba umeuzika. Sisi nyumbani tulipenda kulima, lakini shamba la shule tulilichukia, kwa sababu lilikuwa na kengele na bakora. Bao hatukufundishwa, na nani hapa atanifunga? Waacheni watoto wacheze jioni, kama sisi. Mwenye akili ataokota mwenyewe."

Makofi yalipigwa. Nikakaa nimeridhika, kama mtu aliyekula pilau.

Dada Mwanahawa alikuwa upande wa wanawake, kwenye mkeka. Tangu alipofiwa na mumewe anaishi kwangu, na Rukia ndiye anayemshika mkono njiani. Hakusimama, magoti hayamruhusu.

"Athumani, jioni ya nani?"

"Jioni ya watoto, dada."

"Watoto gani? Jioni Rukia wako yuko bombani na ndoo. Akitoka bombani anachagua mchele, akimaliza mchele anamwogesha mdogo wake. Wanaobaki pale kibarazani na viaskari vyao ni kina Juma. Huyo Rukia ataokota nini, saa ngapi?"

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Mwambie, bibi!" Mwingine, "Leo kapatikana mwenye mashine!"

"Wewe uliokota kwa sababu ulikaa," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, utadhani tuko wawili tu. "Mimi nilikaa wapi?"

Nikakumbuka mavuno. Mpunga ukishaingia ghalani tulirudi kijijini, na bao la udongo likabaki shambani kusubiri mafuriko ya mwaka mwingine yalifute. Kijijini kulikuwa na bao lenyewe, la mti wa mninga, safu nne, kwenye baraza ya Mjomba Bakari, fundi aliyejulikana mpaka Salale. Mimi mtoto wa kiume niliruhusiwa kuchuchumaa ukutani, kwa sharti moja, "Mtazamaji hana mdomo." Msimu uliofuata nikaruhusiwa kuokota kete zilizoanguka. Mwingine, wakanisogeza, nikacheza. Upande wa pili wa ua wa makuti kulikuwa na kinu, na kwenye kinu kulikuwa na Mwanahawa. Mchi wake haukwenda sawa na wa wenzake. Ulipiga, ukatulia, ukapiga. Sasa najua kwa nini ulikuwa ukitulia.

Siku moja alikuja mgeni kutoka Salale kucheza, akambana Mjomba pembeni kabisa. Mjomba akaweka mkono kwenye shimo, akaukawiza. Mchi ukanyamaza. Kutoka nyuma ya ua ikaja sauti, "Mjomba, usianzie hapo. Anzia lile la nyuma."

Mgeni akacheka, "Ah, Bakari! Kumbe siku hizi hata kuku wako wanajua bao?"

Mjomba alikasirika, akacheza pale pale alipokuwa amekusudia. Mgeni akamla, akamla tena, akamfagia upande mzima mpaka mashimo yakabaki yanatazama juu. Kila mmoja pale alijua sauti ya uani ilisema kweli, na hakuna aliyegeuka kuutazama ua. Baba akasema tu, "Mwanahawa, mpunga haujitwangi." Mchi ukaanza tena, safari hii bila kutulia. Hakuna aliyemwambia njoo ukae. Mwaka uliofuata akaolewa ng'ambo ya mto, na sikumwona tena akishika kete.

Basi mkutanoni nikasimama mara ya pili. Watu walidhani ninamjibu.

"Nimefuta niliyosema," nikasema. "Liwe somo. Asubuhi, wote wakiwa wamekaa, wa kike na wa kiume. Lakini mwalimu, ukiliwekea bakora nitakuja mwenyewe."

Mwalimu akacheka, mikono ikanyooshwa, likapita. Mama wa mtihani bado aliuliza kama itatoka.

Kipindi cha kwanza nilimsindikiza dada yangu mpaka darasani, maana alishikilia kwenda. Watoto walikuwa wameketi wawili wawili, Rukia mbele ya Juma, kidevu kwenye viganja, uso umekunjwa kama mtu anayekagua samaki sokoni. Juma alikuwa anatoka jasho. Mwalimu alipotuona alivuta kiti. "Bibi, karibu ukae." Dada aligeuka nyuma kutazama nani anaambiwa. Halafu akakaa, polepole, akatandaza khanga yake magotini, na mwalimu akapanga bao jipya mbele yake, akamtajia mmoja mmoja.

"Na huyu farasi, mbona anakwenda upogo?"

"Ndivyo anavyokwenda, bibi. Anaruka wenzake."

"Haya. Nimemwona."

Nilisimama nikiegemea dirisha, nikawaza. Enzi zetu saa zilikuwa nyingi, nafasi chache. Mchezo uliendelea mpaka mtu ashindwe au maji yajae, na hakuna aliyetazama saa, maana hakuna aliyekuwa nayo. Ulijua jirani kwa kikohozi chake. Wajukuu zetu nafasi wamepata, wote, hata waliokuwa uani, ila saa zimewaponyoka. Wana kipindi, kisha kipindi, kisha simu inawasubiri nyumbani. Hakuna tena anayelala kwenye fito akatazama jua likihama. Madungu yenyewe yamepungua, na watoto wengi wa vijiji vya kando ya barabara wanadhani kwelea ni jina la timu. Kipi bora sijui, na mimi si mtu mwepesi wa kusema sijui.

Kengele ikalia. Watoto wakainuka kwa kishindo, wakazoa wafalme na farasi wakawatia kwenye sanduku, michezo yote imeachwa nusu. Juma alishukuru Mungu waziwazi. Darasa likabaki na vumbi, na mwalimu, na dada yangu ameinamia bao lake, kidole kimesimama juu ya askari mmoja.

"Bibi," mwalimu akasema kwa adabu, "kipindi kimekwisha."

"Chenu," akasema, hakuinua macho. "Changu ndiyo kwanza kinaanza. Kaa, mwalimu."