Mashine Mpya Dukani kwa Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi wa printa za risiti, zile zinazokaa kaunta na kutema vikaratasi. Watu wakisikia "fundi wa kompyuta" hudhani nakula kuku kwa mrija. Thubutu! Ninachokula ni malalamiko ya wenye maduka, maana simu zao zinaingia hadi mezani kwetu.

Shida yao ni moja. Mtu anaipenda printa mpya, anainunua, anaifikisha dukani, ndipo anagundua haielewani na kompyuta yake. Ubavuni pa boksi pameandikwa wazi: kompyuta iwe na mfumo wa kuanzia toleo fulani, memori isipungue kiasi fulani, waya uwe wa aina hii. Nani asome? Boksi linatupwa, kisha anatafutwa fundi.

"Kompyuta yako ya lini?" mume wangu huuliza.

"Ah, hiyo nzima kabisa. Haijawahi kuumwa hata siku moja."

Basi anakwenda, anaitazama, anasema kwa upole kwamba mfumo umezeeka na printa haitaweza kufanya nao kazi, lazima kompyuta ibadilishwe. Wamempachika jina Izraili. Akionekana mlangoni tu, watu wanakumbatia kompyuta zao.

Jioni hurudi hoi. Anavua viatu, anabaki navyo mkononi kana kwamba amesahau vinawekwa wapi. Nikimuuliza habari za kutwa, ananijibu, "Draiva zimekataa," yaani zile programu za kuipatanisha printa na kompyuta. Hayo ndiyo mapenzi yetu siku hizi.

Sasa mwezi uliopita printa ya mama yake ikafa. Mama mkwe ana duka dogo la vitu vya nyumbani: sabuni, vibiriti, betri, misumari. Tangu afiwe na mume, duka hilo ndilo linalomwamsha asubuhi. Wifi zangu, dada za mume wangu, wanataka alifunge, aende akakae kwao atunzwe. Anayemtetea ni mwanawe huyu peke yake. Baada ya maneno mengi wakakubaliana: mashine mpya ifungwe, mama akiiweza abaki na duka lake, ikimshinda duka lifungwe. Wifi mkubwa angepiga simu siku hiyohiyo apate jibu.

Printa ya zamani ilikuwa ya utepe wa wino, inayogonga kila mstari kwa kelele hadi jirani anasikia. Mpya inaandika kwa joto, kimyakimya, na kama ilivyo ada haikukubaliana na kompyuta ya mama. Mume wangu akanunua kompyuta nyingine iliyokwishatumika, akaweka mfumo mpya, programu ya mauzo na draiva zake, na Jumamosi tukaenda. Alikuwa ametoka kwenye maduka ya watu bila kupumzika, macho mekundu, akipiga miayo hadi taya zinalia. Mimi nilikwenda kushika waya na kumzuia asigombane na mtu.

Akaunganisha, akaweka karatasi, akafunga kifuniko.

"Haya mama, jaribu. Bonyeza palepale ulipozoea, nimekuwekea vitufe vilevile."

Mama akabonyeza kwa madaha, vidole vikienda vyenyewe. Printa ikanong'ona, kikaratasi kikatoka kikajikata. Mume wangu alikuwa ameinama chini ya kaunta akikusanya waya.

"Imetoka?" akauliza hukohuko chini.

Mama akakichukua kikaratasi, akakileta karibu na uso, akakisogeza mbali, akatabasamu.

"Imetoka vizuri sana, mwanangu. Herufi nyeusi, kubwa. Kuliko hata ile ya zamani."

Mimi nilikuwa nimesimama begani pake. Kikaratasi kilikuwa cheupe pe. Hakikuwa na hata nukta.

Karatasi ya joto huandikika upande mmoja tu. Ukiiweka kinyume, printa inafanya kazi yake yote bila kuacha alama. Ni kosa la mwanagenzi, na mume wangu huwacheka sana wanaolifanya, lakini uchovu haumjui fundi wala mwanafunzi. Alipoinuka na kukiona kile kikaratasi, akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Aa, nimeigeuza!"

Akanyoosha mkono akichukue. Mkono ukaishia njiani. Maneno ya mama yake yalikuwa yamemfikia.

"Mama," akasema taratibu. "Nisomee hapo juu."

"Si ni jina la duka?"

"Na chini yake?"

Mama akakilaza kikaratasi juu ya kaunta, akakipapasa kwa kiganja.

"Hakuna kitu, eeh?"

"Hakuna, mama."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Siku zote tulimsifu jinsi anavyochukua kibiriti rafuni bila kugeuza shingo, tukisema uzoefu huo. Kumbe mikono ndiyo iliyokuwa ikiona, na kelele za ile printa kuukuu ndizo zilizokuwa zikimhesabia mistari.

"Dada zako wasijue," akasema. "Wakijua wananifungia. Nikakae sebuleni kwa watu kama kabati?"

"Tangu lini, mama?"

"Mwaka juzi. Ulianza ukungu, sasa naona vivuli."

"Mwaka juzi! Na hukuniambia?" Sauti ya mume wangu ilipanda. "Si nakupigia simu kila Jumapili?"

"Unanipigia," mama akajibu, bila hasira yoyote. "Unaniuliza mashine inaendeleaje. Nakwambia nzima. Na kweli ilikuwa nzima."

Simu ya wifi mkubwa ikaanza kulia mkobani mwangu. Nikaizima. Tangu niolewe sijawahi kumfanyia hivyo, na nikaona raha.

Mume wangu akavuta stuli, akakaa mbele ya mama yake, akaishika mikono yake yote miwili. Nimeishi naye muda mrefu, najua maswali yake kabla hajafungua mdomo. Hili sikuwahi kulisikia.

"Mama, jicho lipi lina nafuu?"

"La kushoto," akasema upesi, kama mtu aliyengoja sana kuulizwa.