Kichwa cha Kondoo na Picha ya Mke Wangu

Mimi duniani hapa hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza na kisu cha kuazima. Leo nina bucha mbili mtaa wa Chapwa, hapa Tunduma, na darasa la nne sikulimaliza. Kwa hiyo mke wangu, Mama Tumaini, alipoanza kuburuta mguu na jicho moja kuingia ukungu, sikubabaika. Kondoo wa huku kwetu Momba akiyumba hivyo, ukimpasua kichwa unakuta mfuko wa maji umekandamiza ubongo. Nikaamua: twende Dar wapige picha, wautoe. Nikafunga milioni nne kiunoni.

Alfajiri tuliondoka Tunduma kwa basi. Tulipofika Vwawa mke wangu alinunua ndizi dirishani, chenji ikamponyoka yote.

"Vidole vimelala," alisema.

"Vitaamka. Pesa ninayo."

Kesho yake, hospitalini Dar, aliingizwa kwenye mashine ya sumaku inayogonga kama fundi bati. Kisha daktari, mama mmoja mpole, akaniita nione picha.

"Mfuko uko wapi?"

"Hakuna mfuko, mzee. Ona madoa haya meupe. Kinga ya mwili wake inachuna utando wa mishipa ya fahamu. Ugonjwa huu unaitwa multiple sclerosis."

"Basi yakate."

"Hayakatwi. Afadhali ungekuwa mfuko."

Akasema huko alikosomea yeye na wenzake waliwatia panya ugonjwa unaofanana na huo, wakawapiga picha, wakawajaribia dawa. Panya aliyekuwa anajiburuta akatembea tena.

"Niuzie hiyo ya panya."

"Nyingi zinazomfaa panya hazimfai mtu. Panya tulimtia ugonjwa sisi wenyewe, tunajua ulianzaje. Kwa mkeo hatujui. Dawa za kuupunguza kasi zipo, ila hapa sinazo."

"Na hao panya waliopona wako wapi?"

"Tuliwaua, tutazame ubongo."

Kazi hiyo naijua.

Tukirudi, basi lilipopita Makambako, Mama Tumaini, niliyekuwa nimemsimulia nusu tu, akaniuliza, "Baba Tumaini, wale panya waliopona sasa wanakula nini?"

"Mahindi."

"Wametushinda, basi," akasema, akaegemea kioo.

Tunduma nilimshusha kwenye basi nimembeba mgongoni. Nimejifunza kwamba kumjua kondoo ni kumjua kondoo tu. Kiunoni milioni tatu na ushee zilikuwa bado zimefungwa vilevile, hakuna aliyezitaka. Nauli, malazi, picha na fimbo yake ya kutembelea, vyote pamoja, vilinigharimu shilingi laki nane na elfu sitini na tatu.