Mji Aliomgawia Likwata

Saad Abdulatifu hawezi kutupa kitu. Kibanda chake cha ufundi wa simu pale Nangurukuru, nyuma ya akina mama wanaowauzia abiria wa mabasi mihogo ya kukaanga, kimejaa mizoga ya simu ambayo hata bure hakuna anayeitaka. Ukimwambia, fundi, hii imekufa, itupe, anakutazama kana kwamba umemtukania mzazi wake. "Haijafa," anasema. "Imezimika tu." Ugonjwa huo wa kung'ang'ania vilivyozimika ndio uliomponza.

Mambo yalianza na kompyuta mpakato ya mteja mmoja aliyekuwa safarini kwenda kusini. Iliingia maji, akaiacha, akasema atarudi kuichukua. Hakurudi. Saad alipofanikiwa kuiwasha, alikuta imesheheni majarida ya mtandaoni ya watu wanaocheza michezo ya kuigiza mezani. Hakujua kwamba duniani kuna watu wazima wa namna hiyo. Wanaketi, wanarusha dadu, mmoja anasimulia na wengine wanajifanya mabaharia, waganga na wezi, kila mmoja akisema mtu wake atafanya nini. Kila toleo lilikuwa na mji wa kubuni, ramani yake, watu wake na siri zao. Saad aliyasoma kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akanogewa, akataka mengine. Alijaribu anwani za tovuti zao zote. Hakuna hata moja iliyofunguka. Majarida yale yalikuwa yamefungwa, na waliokuwa wakiyaandika hawakuonekana tena.

Lililomkaa rohoni ni jarida moja lililoishia katikati ya kisa. Wasafiri wamekwama pangoni, taa yao inakaribia kuzima, na chini ya ukurasa kuna ahadi kwamba mambo yatajulikana toleo lijalo. Toleo lijalo halikutoka. Safari iliyofuata kwenda Kinjumbi kumwona mama yake, Saad alimsimulia kisa kile chote, kisha akamwuliza, "Sasa mama, wale wa pangoni walikwenda wapi?"

Bi Sauda alikuwa akikuna nazi, wala hakuinua kichwa. "Unaniuliza mimi? Kamwulize aliyewaingiza."

Mama huyo ndiye aliyemlea Saad kwa vitendawili. Kijiji kizima cha Kinjumbi kilijua kwamba ukikaa na Bi Sauda jioni, utaondoka umefilisika miji yote ya Tanzania. Maana ndivyo mchezo ulivyo: akitega ukashindwa kutegua, anasema nipe mji, nawe huna budi umpe. Ukishampa, yeye anajitapa. Nilifika mji huo, wakanipokea, wakanilisha, wakanilaza pazuri, na wewe walipokuona wakakufungulia mbwa. Watoto wa Bi Sauda walitoa Tanga, Tabora, Unguja, hata Maka. Kulikuwa na katazo moja tu. Siku Saad, akiwa mdogo, aliposema kwa uvivu, "Nakupa Kinjumbi," alikula kofi ambalo shavu lake linalikumbuka mpaka leo. "Hapa kimezikwa kitovu chako," mama alimwambia. "Ukiugawa mji huu, utakuja kulala wapi?"

Kwa hiyo Saad alipoanzisha jarida lake mwenyewe la mtandaoni, aliliita Nipe Mji. Lilitoka alipopata nafasi, kila toleo na mji mmoja wa kubuni, na kanuni zikiwa zile zile za mama: wachezaji wakishindwa fumbo la mji, wanautoa, na aliyeupokea anasimulia alichokikuta huko. Wasomaji hawakuwa wengi, lakini walishikamana. Walikuwapo wa Kilwa Masoko, wa Lindi mjini, na mmoja wa Likawage ambaye ilimbidi apande kichuguu kutafuta mtandao. Walicheza katika kundi lao la Wasap kwa kurekodi sauti, jioni baada ya magharibi, wakicheka mpaka wake zao na waume zao wakaona wivu.

Katika toleo la kwanza kabisa Saad alimbuni msafiri anayeitwa Likwata, mtu asiye na kwao. Likwata huvaa kofia ya kudarizi iliyomalizwa upande mmoja tu, kwa sababu aliyeidarizi hakuimaliza. Anafika katika kila mji, anabisha hodi, anaomba pa kulala, na kila mji watu wanamjibu neno moja: pita tu. Wasomaji walimpenda. Waliuliza kwao ni wapi, Saad akaahidi kulieleza hilo mbele ya safari, na kila toleo akaahirisha. Kwa kweli hakujua. Alimwandika mtu bila kwao kwa sababu ilikuwa rahisi.

Kisha kampuni iliyomhifadhia tovuti ilifunga shughuli zake bila hata kuaga. Saad alifungua simu asubuhi akakuta jarida halipo, matoleo yote yamekwenda na maji. Kompyuta alimokuwa ameweka nakala nayo ikagoma moja kwa moja, na safari hii hata yeye alikiri kwamba imekufa. Fundi anayefufua simu za watu wilaya nzima alishindwa kufufua cha kwake. Alilia, tena alilia kweli, mlango wa kibanda ukiwa umefungwa.

Jioni hiyo aliwatangazia wenzake kwamba Nipe Mji limekwisha. Wakapeana pole. Ndipo ikaingia sauti chini ya jina la Likwata. Saad hakushtuka, kwani wachezaji walizoea kujibandika majina ya watu wa jaridani. "Kitendawili," sauti ilisema. Saad akajibu, tega. "Sikuzaliwa na mama, sitazikwa kaburini, na njaa ninaisikia."

Saad aliwaza, akakosa. Sauti ikasema, nipe mji. Sasa angetoa mji gani? Miji yake yote ya kubuni ilikuwa imefutika asubuhi ile. Alikuwa amechoka, ana uchungu, hajali, na neno likamtoka kabla hajalipima. "Chukua Kinjumbi," alisema.

Jibu lilikuja taratibu, kwa sauti ya mtu anayekaa vizuri kwenye kiti. "Nimefika Kinjumbi. Nimepokewa na mama mwenye kovu la mafuta ya moto mkononi. Amenipikia wali wa nazi na pweza. Amenitandikia kitanda cha mwanawe. Nikamwuliza, mwenye kitanda yuko wapi? Akaniambia, mwenye kitanda ndiye wewe."

Saad alicheka kidogo kwa adabu ya mchezo. Baadaye, akiosha miguu, alikumbuka jambo. Kovu la mama yake hakuwahi kumsimulia mtu yeyote katika kundi lile.

Idi ilipofika alifunga kibanda akaenda Kinjumbi na kitenge cha mama begani. Alibisha hodi, mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mgeni. Karibu. Wewe ni wa nani?"

Alidhani ni utani wa Idi. Alimtazama usoni akingoja acheke, mama naye akamtazama kwa ule upole wa mtu anayesubiri mgeni aseme shida yake. Mama mdogo Mwahija, aliyekuwa akiishi na dada yake, alitoka jikoni mbio. "Dada, huyu si Saad wako?" Bi Sauda akatikisa kichwa. Alimjua Mwahija, aliwajua majirani na vitukuu vyao, alijua bei ya pweza. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amefutika.

Walimpeleka hospitali. Daktari akasema ni uzee, akawataka wawe na subira. Saad angeuamini uzee, laiti asingeiona kofia. Ilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda alicholalia utotoni, imedariziwa upande mmoja, upande wa pili kitambaa kitupu.

"Ya nani hii, mama?"

"Ya mwanangu. Huisahau kila akija."

Saad alimvuta Mwahija uani. Mama mdogo alikunja mikono ndani ya kanga yake kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali. "Mimi sijamwona mtu, baba, nisikudanganye," alisema. "Mimi nakwenda shamba. Nikirudi nakuta sahani mbili zimeliwa."

Hapo ndipo Saad alipoanza kumsaka Likwata. Alitaka kucheza naye upya, amshinde, audai mji wake. Simu aliyokuwa akitumia siku zile alikwisha kuibadilisha, mazungumzo yote yakapotea, kwa hiyo alikwenda Kilwa Masoko kwa Hafsa, mwalimu wa shule ya msingi, mchezaji wa tangu toleo la kwanza.

"Ni nani aliyekuwa akijiita Likwata?" alimwuliza.

Hafsa aliweka chini madaftari ya wanafunzi. "Kaka Saad, unanitania?"

"Niambie tu, dada."

"Hakuna aliyejiita Likwata. Wote tunajuana. Siku ile ya mwisho ulitega mwenyewe, ukashindwa mwenyewe, ukajigawia mji mwenyewe. Tukadhani ndivyo ulivyoamua kulifunga jarida. Tukakupigia makofi."

Simu ya Hafsa haikuwa imefutwa kitu. Alitafuta, akabonyeza, na Saad akaisikia tena ile sauti ikisema imefika Kinjumbi. Ilitoka kwenye namba ya Saad mwenyewe. Tena ilikuwa sauti yake, ile ambayo mtu haipendi akijisikia kwenye rekodi, nyembamba kidogo kuliko anavyojidhania. Hakukumbuka kuyatamka maneno yale.

"Na kile kitendawili," Hafsa alisema, akijaribu kumchangamsha, "mimi nilikitegua ila nilichelewa. Sikuzaliwa na mama, sitazikwa kaburini. Si mtu wa hadithini huyo? Ila hapo kwenye njaa ndipo uliponishinda. Mtu wa hadithini anasikiaje njaa?"

Saad alikuwa akiwafikiria wale wasafiri wa pangoni na taa yao. Kwa mara ya kwanza aliwaogopa.

Alirudi Kinjumbi mara nyingi. Alipeleka sukari, alitengeneza paa, alikaa barazani akimsalimia mama yake mzazi kwa adabu ya mpita njia, naye akijibiwa hivyo hivyo. Alimletea picha zake za utotoni, mama akasema mtoto huyu mzuri, Mungu amkuze. Alijaribu kumtegea vitendawili ili amdai Kinjumbi kama zamani. Bi Sauda alivitegua vyote. Mtu angempa miji ya dunia nzima Saad asingeitaka. Alitaka mama yake amtazame na kumjua, hata kwa dakika ya kula tonge moja, basi.

Siku moja ya mvua za vuli, adhuhuri, alifika akiwa ameloa. Mwahija alikuwa shamba. Harufu ya pweza wa nazi ilimfikia tangu njiani, akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Nani?" mama aliuliza kutoka ndani.

Alifungua kinywa kusema jina lake, na jina halikutoka. Alikuwa amelisema mara nyingi mno mlangoni pale, na kila mara lilirudishwa. Alifumba macho.

"Mimi Likwata."

"Mwanangu!" Mlango ulifunguka kwa kishindo. Bi Sauda alimshika uso kwa mikono miwili, lile kovu likamgusa shavuni, akamvuta ndani, akamfuta maji kwa kanga yake huku akigomba. Mbona umekonda hivi? Mbona umechelewa, nimekupikia tangu saa ngapi? Alimkalisha mkekani, akaitungua kofia kwenye msumari, akamvisha. Ilimkaa sawasawa. Saad alilia bila kujificha, na mama akacheka, akasema mwanaume mzima unaliliaje chakula, kula.

Alikula. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa juu ya goti lake, mzito na wenye joto, kama alivyokuwa akimwekea alipokuwa mtoto mwenye homa.

"Hodi," mtu alisema mlangoni.

"Nani?"

"Mimi Saad, mama."

Ilikuwa sauti ile ile, nyembamba kidogo. Kivuli cha mtu kilikuwa kimeingia mpaka ukingoni mwa mkeka, na mvua ilikuwa imekatika. Saad hakugeuka. Bi Sauda alisogea karibu na sikio lake, akanong'ona kwa kero ya mtu aliyechoshwa.

"Kaja tena huyo. Kila siku anasema ni mwanangu. Wewe unamjua?"

Tonge lilikuwa mkononi mwa Saad, halijafika kinywani. Alijua kwamba akigeuka, ataiona sura ya aliyesimama pale. Alijua pia kwamba akisema namjua, mkono ule utaondoka gotini mwake.

"Simjui, mama," alisema. "Mwambie apite tu."

Mama akainuka, akaenda kufunga mlango.