Binzari Mwilini mwa Mtoto

Elimu yangu ni haba: juzuu chache za Kurani chuoni, kisha kutwanga dawa kwa tabibu mmoja wa Bagamoyo, aliyekuwa akinifundisha kupima mshipa na kutazama weupe wa macho.

Dada yangu alipojifungua nilikwenda kumwona. Chumba kilikuwa giza, kimejaa moshi wa ubani. Mavyaa yake alikuwa amempaka mtoto binzari na mafuta ya nazi, kama tulivyopakwa sote. Kwa hiyo mtoto alikuwa wa manjano toka utosi mpaka nyayo, na hakuna aliyeshangaa.

"Hanyonyi, kaka," dada akaniambia. "Analala tu."

"Mpole huyo," akasema mavyaa.

Nikamwomba maji nimnawishe mtoto.

"Umezaa wangapi wewe," akaniuliza, "unayekimbia kuku mwenye vifaranga?"

Dada akacheka, akashika tumbo kwa maumivu. "Mpe tu, mama."

Nilimfuta kifua. Kitambaa kikawa cha manjano, na ngozi chini yake vilevile. Nikamfunua jicho kwa kidole gumba. Weupe wake ulikuwa kama kiini cha yai. Mavyaa aliona, akaketi mkekani. Hakunitania tena.

Nikamkimbilia mwalimu wangu.

"Mtu mzima ningempiga chuku, nikamnywesha ukwaju," akasema. "Huyu nitamtoa damu wapi?"

Hakujifanya anajua, hilo siwezi kumnyima. Akaandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani, kwenye sahani, nikalibeba. Mavyaa akaliosha kwa maji, akawa anamdondoshea mtoto maji hayo kwa pamba, nayo yakitiririka pembeni mwa mdomo. Baadaye mtoto alijipinda kwa nyuma kama upinde, akalia kwa sauti nyembamba, kisha akanyamaza.

"Nisingempaka, angepona?" mavyaa akaniuliza.

Nikasema sijui. Hata leo sijui. Huenda tungeona mapema, lakini tungeona ili tufanye nini? Mimi nilijua kuutambua ugonjwa, basi. Mwalimu naye hakunizidi sana. Sioni haki kumbebesha mavyaa peke yake.

Alimwosha maiti yeye mwenyewe, mimi nikimtekea maji kwa kata. Akasugua mikono, shingo, nyuma ya masikio. Maji yakaanza kutoka meupe kabisa, naye bado anasugua.

"Imetoka, mama," nikamwambia.

"Haijatoka," akasema. "Njoo utazame. Haijatoka."

Nikateka maji mengine.